Majina ya Kamituga

Ijumaa ya tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha Kamituga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, mto ukafurika, na maji yakaingia katika mashimo ya dhahabu wakati vijana wakiwa chini. Gavana wa jimbo hilo wakati huo, Théo Ngwabidje, alitaja watu 50 waliofariki, wengi wao vijana. Tangu siku hiyo kila anayetupigia simu kutoka nyumbani, sisi watu wa Kamituga tulio Ohio, Marekani, ana hesabu yake. Mmoja anasema ni wengi kuliko hao, mwingine anasema miili iliyotolewa ni michache, wa tatu anataja shimo moja tu kwa sababu ndilo alilosimama juu yake. Hakuna anayesema uongo. Hesabu haipo kwa sababu hakuna aliyewaandika walioingia asubuhi.

 

Wengi wenu mmezaliwa Kamituga, lakini watoto wenu hawajui shimo linavyofanya kazi, kwa hiyo tuwaelezee. Mwenye shimo, tunayemwita PDG, anatoa mtaji: mbao za kuegemeza udongo, chakula, tochi, motopompe ya kuvuta maji. Vijana wanaingia bila mshahara, wakitegemea mgao wa mawe. Mawe yanapandishwa kwa mifuko, yanakwenda kwa akina mama watwangaji, yanapondwa mpaka yawe unga, ndipo dhahabu inapotafutwa. Kijana akichoka anamwachia mwenzake zamu pale pale mlangoni, kwa neno la mdomo. Na shimo halibaki peke yake: linafuata mwamba mpaka linakutana na la jirani, hivyo maji yakiingia kwa mmoja yanawafikia na wengine wasiosikia mvua hata kidogo. Vijana wenyewe wametoka Shabunda, Walungu, Kabare, Bukavu. Shimoni wana majina ya utani. Mama wa mmoja wao aliyeko Walungu akipiga simu kuuliza habari za mwanawe, anataja jina la ubatizo ambalo hakuna mtu pale mlimani aliyewahi kulisikia.

Baba zetu walioingia mgodi wa Mobale wakati wa kampuni ya SOMINKI walikuwa na namba ya kazi. Wazee wa jumuiya hii bado wanaikumbuka namba ya baba. Sitaki mtu adhani ninaisifu kampuni; iliandika majina kwa ajili ya mshahara na adhabu, haikuandika kwa upendo. Lakini iliandika, na kuandika kuna maana siku ya msiba. Tarehe 8 Agosti 1956, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, moto uliua watu 262 katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, huko Marcinelle, kwao Ubelgiji. Kati ya hao 136 walikuwa Waitalia, wageni waliokuja kutafuta riziki. Katika migodi ya namna ile mchimbaji alishuka na taa yenye namba, na taa isiyorudi jioni ilimtaja aliyebaki chini. Mpaka leo Marcinelle kengele hupigwa mara 262 kila mwaka. Kamituga tungepiga kengele mara ngapi?

Swali hilo lilitukuta hapa Ohio tukiwa katikati ya shughuli za nyumba. Ijumaa ile, ilipokuwa alasiri Kamituga, huku kwetu ilikuwa asubuhi. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye ghala, ameweka sombe jikoni, na mtoto wake yuko mezani na kompyuta ya shule. Darasa lao lilikuwa likitazama kumbukumbu ya New York, ambapo kila tarehe 11 Septemba majina ya watu karibu 3,000 waliouawa mwaka 2001 husomwa moja baada ya jingine. Mwaka ule wa 2020 yalisikika katika sauti zilizorekodiwa mapema, kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Majina yakaendelea kusikika mezani, na simu jikoni ikaanza kuleta picha za umati wa watu wakilia juu ya tope, kandokando ya mdomo wa shimo. Mama akazima jiko. Mtoto akamwuliza kwa nini analia, kama naye alimjua mtu aliyefia New York. Mama akamjibu kwamba ni moshi.

Nimesimuliwa hilo na mwenyewe, na ameniruhusu kuliandika. Jibu lake ni jibu la nyumba nyingi kati yetu. Tunafunga mlango wa chumba, tunalia kwenye simu kwa sauti ya chini, tunanawa uso na kurudi kusimamia hesabu za kugawanya. Tunataka kuwakinga watoto. Kule nyumbani mtoto hakingwi na kilio. Anaona wageni wanaingia, anatumwa maji na viti, analala kwenye mkeka katikati ya shangazi zake, na kwa njia hiyo anajua kwamba aliyekufa ni wa kwao. Mtoto wa Ohio asipokiona kilio, mjomba aliyekufa Kamituga anakuwa kwake sawa na habari za nchi nyingine. Sioni kwamba tumemkinga. Tumempunguzia ndugu.

Katika nyumba nyingine kulikuwa na siku ya kuzaliwa Jumamosi, siku moja baada ya maji. Keki ilikuwa imeshaagizwa na baba alikuwa amempoteza binamu yake. Kulikuwa na ubishi mkali kati ya ndugu: wengine walisema ni aibu kula keki wakati marehemu bado yuko chini ya udongo, wengine wakasema mtoto wa miaka sita hana kosa. Wakubwa wa familia wakaamua keki ikatwe. Kwanza baba akasimama, akalitaja jina la binamu yake, akaeleza alivyomfundisha kuogelea walipokuwa wadogo, wakasali, kisha wakaimba. Wapo waliolaumu. Mimi nasema walifanya vyema, na ningependa nyumba nyingi zaidi zifanye vivyo hivyo. Hatukuweza kuketi matanga kwa desturi tulizozizoea, kwa sababu ya zamu za kazi na kwa sababu mikusanyiko ilikuwa imezuiwa. Jina linaweza kutajwa hata jikoni.

Kuna jambo ambalo naomba liachwe leo hii. Video za miili zilizunguka katika makundi yetu ya WhatsApp kabla familia hazijaambiwa. Dada mmoja alimtambua mdogo wake kwa shati, akiwa ndani ya basi anakwenda kazini, hana wa kumshika mkono. Anayepokea video ya namna hiyo asiitume kwa mwingine. Ampigie simu mtu mmoja wa familia, mzee, mwenye kujua maneno ya kupeleka habari ya kifo.

Sasa kuhusu pesa. Kwa mchango wa rambirambi ninawashukuru. Lakini tunafahamu kwamba pesa zetu hufika Kamituga hata kusipokuwa na msiba. Ndugu anaomba mtaji wa kufungua shimo, anaomba motopompe, na sisi tunatuma, wakati mwingine kwa ahadi ya kugawana kitakachopatikana. Sheria ya madini inamtaka kila mchimbaji mdogo awe na kadi, na serikali ina idara ya kuwahudumia wachimbaji hao, SAEMAPE. Hata hivyo, Juni 2019 zaidi ya watu 40 walifukiwa mgodini Kolwezi, na mwaka 2020 ikawa Kamituga. Tuendelee kuidai serikali bila kuchoka. Ila mwenye kutuma mtaji ana sauti ambayo gavana hana, kwa sababu PDG anapokea simu yake. Kabla ya kutuma dola moja zaidi, mwulize: nani anaandika watu wanaoingia? Inatosha kaye moja ya shule na kalamu, mtu mmoja wa kukaa mlangoni, jina la utani na jina la nyumbani, na namba ya simu ya mama. Na mvua ikianza, wote watoke. Asipokubali hayo, pesa zibaki.

Kaye haizuii mto kufurika, najua. Ingewawezesha waliokimbia na sepetu jioni ile kujua wanamtafuta nani na katika shimo lipi.

Kuanzia toleo lijalo la jarida letu, ukurasa wa mwisho utakuwa wa majina ya Kamituga. Hatutachapisha idadi, tutachapisha watu. Leteni jina kamili, la utani kama lipo, kijiji, jina la mama, na mstari mmoja wa jambo alilopenda. Picha si lazima. Watoto wakiandika kwa Kiingereza tutawasaidia kugeuza, lakini waacheni waandike wao, mkiwa mmekaa nao mezani mnawasimulia. Anayejua jina nusu alete hilo nusu. Huenda nusu ya pili iko katika nyumba nyingine ya jumuiya hii.