JIVU LETU LAKWENDA WAPI?



Mmezoea kutusoma katika ukurasa huu tukisema juu ya kivuko, ushuru na daftari la wapiga kura. Leo twasema juu ya jivu, na twaomba asicheke mtu kabla hajamaliza kusoma.

Tarehe 8 Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeamriwa ziache kuni na mkaa. Shabaha hiyo ni njema wala hatuipingi. Moshi wa jikoni umewaumiza mama zetu macho na vifua miaka mingi. Lakini sisi wa Ukerewe tuko majini. Mtungi wa kilo 6 hugawiwa mkutanoni, makofi yakapigwa na picha zikapigwa. Gesi ikiisha, mwenye mtungi ajitegemee mwenyewe, na gesi ya kuujazia imekwisha panda lori mpaka Mwanza, kisha ikapanda meli ya Nansio au kivuko cha Kisorya, na kila aliyeishika ameongeza chake. Sisi wenye maduka twaijua hesabu hiyo vizuri kuliko waliopiga makofi. Tumeona mitungi mitupu iliyogeuzwa vigoda.

Kwa hiyo moto wa kuni ungalipo visiwani, na hautaondoka kwa hotuba. Madhali upo, twauliza swali ambalo mkutanoni hatujalisikia: jivu lake lakwenda wapi?

Jivu si uchafu. Mti hunyonya ardhini chokaa, potasi, magnesi na fosforasi kidogo. Ukiuchoma, naitrojeni yake hupaa na moshi, lakini hivyo vingine hubaki mafigani. Katika kilo 100 za kuni kavu hupatikana jivu kiasi cha kilo moja tu, pengine mbili. Nyasi na mabua hutoa zaidi. (Pumba za mpunga hutoa hata kilo 20, ila nyingi katika hizo ni kitu cha jamii ya mchanga, na mkulima asizitumainie sana.) Hiyo kilo moja ya jivu la kuni ndiyo mali ambayo mizizi iliikusanya shambani kwa miaka. Na zao letu ni muhogo, nao hula potasi kwa wingi kila uvunwapo. Udongo wetu ni wa kichanga, umechoka. Twauza muhogo, twachoma miti, kisha jivu twalitupa!

Wenzetu wa Ukara hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wataalamu wa kilimo waliandika habari zao tangu miaka ya 1930, wakistaajabu kuona kisiwa kidogo chenye watu wengi kikilima ardhi ile ile bila ya kuipumzisha. Ng'ombe walifungiwa ndani, wakakatiwa majani, na samadi yao ikabebwa kichwani mpaka shambani; kila mti ulikuwa na mwenyewe. Watu hao hawakuwa na mbolea ya dukani. Walichokuwa nacho ni desturi kwamba kilichotoka shambani kirudi shambani.

Desturi hiyo imevunjikia mialoni. Zamani furu alianikwa juani, kama dagaa anavyoanikwa hata leo, na jua halidai kuni. Sangara, aliyepandikizwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, akaenea kwetu katika miaka ya 1980, ni samaki wa mafuta. Juani huoza, sharti abanikwe kwa moshi au akaangwe. Viwanda vya Mwanza vilipoanza kupeleka minofu Ulaya, kwetu yalibaki mapanki, nayo vile vile yataka moto. Minofu imekwenda Ulaya, na kuni zimekatwa huku. Chini ya chanja hubaki lundo la jivu, ambalo asubuhi husukumwa kwa koleo majini au huachiwa mvua iliburure.

Sisi tuliosoma chuoni twaukumbuka mfano wa jivu na upepo katika Sura ya Ibrahim, na ndugu zetu Wakatoliki hupakwa jivu kipajini Kwaresima ianzapo. Basi tusiliite jivu kitu kisichotajika.

Tena ziwa halilisahau. Wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka 2005 walikadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo Ziwa Viktoria hushuka kutoka hewani kwa mvua na vumbi, na miongoni mwa vyanzo vyake wakataja uchomaji wa nyasi, misitu na mashamba. Fosforasi hiyo ndiyo mbolea ya ukungu wa kijani majini, na magugu maji yaliyotuzingira miaka ya 1990 hunenepa kwa chakula hicho hicho. Muhogo wetu unadhoofika kwa kukosa kile ambacho gugu lapewa bure.

Halmashauri hutoza ushuru wa samaki mialoni. Twataka sehemu ya ushuru huo ijenge, katika kila mwalo wenye kubanika samaki, banda dogo lenye paa na sakafu la kuwekea jivu, na mkulima alichukue bila ya kulipa. Paa ni la lazima, kwani potasi huyeyuka upesi mvua inyeshapo. Twataka pia gharama ya kuvusha gesi ibebwe na Serikali, ili bei ya kujaza mtungi Nansio iwe sawa na ya Mwanza. Madiwani wetu wayaombe haya kwa maandishi, na jibu litakalotoka tutalichapa hapa, liwe zuri au baya.

Hadi hapo, kila mwanachama aweke jivu la jikoni kwake katika chombo kikavu, likiwa limekwisha poa. Lisichanganywe na samadi mbichi wala mbolea ya yurea, kwani hufukuza nguvu yake hewani; lipite siku kadhaa baina ya hiki na kile. Na wanaowashia mkaa kwa vipande vya plastiki waache, maana jivu la namna hiyo halifai kupelekwa shambani.