Kigango Si Pambo

Wananchi, ndani ya ngome ya Mombasa, ile Wareno waliyoanza kuijenga mwaka 1593 ili watutawale, mna jumba la makumbusho tangu mwaka 1960. Humo mna vyombo vya udongo vya magofu ya Gede, na vitu vilivyoopolewa katika merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Hilo ni jema. Watoto wetu na waende watazame, wajue kwamba Pwani ilikuwa na miji na biashara kabla Mzungu hajatia nanga.

Lakini si kila kitu kifaacho kuwekwa katika kabati la kioo. Kigango cha Wagiriama ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa, husimamishwa kwa ajili ya mzee wa Gohu aliyefariki, koma yake ipate kutulia na jamaa zake wawe salama. Mji ukihama, kigango huachwa pale pale hata kioze. Aking'oaye ni sawa na mfukua kaburi.

Na viling'olewa kwa mamia! Wachuuzi walivinunua kwa wezi, wakaviuza Marekani viwe mapambo ya sebuleni, na makumbusho ya huko yakavipokea. Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Wako vijana wetu waliovibeba usiku kwa ujira mdogo.

Mwaka 2007 vilirudishwa viwili; mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha 37. Tunashukuru. Lakini kigango kikitoka ghala la Illinois kikaingia ghala la Nairobi, kimebadilisha mlinzi tu; nyumbani hakijafika.

Watasema vikirudi vijijini vitaibwa tena. Je, mtu aliyeibiwa ng'ombe, polisi wakimpata ng'ombe wake, humfuga wao? Dawa ya wizi ni ulinzi. Sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 ipo; itumike. Kigango ambacho mji wake unajulikana kirudishwe kwa wenyewe. Kisichojulikana kilikotoka, wazee wa kaya waketi waamue, na wakuu wa makumbusho wasikilize.

Basi kila tawi la chama Kilifi na Malindi liwaendee wazee, liandike majina ya miji iliyoibiwa, kisha lidai. Uhuru haukupiganiwa ili wazee wetu wakae rumande.