Biti si Baiti: Kipimo cha Kasi ya Mtandao Kifundishwe Darasani

Katika mikoa ya kusini mwa nchi yetu hakuna mkulima asiyejua uzito wa neno kipimo. Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa anajua kwamba bakuli si kilo, na kwamba anayenunua kwa kangomba hununua kwa kipimo kisichokaguliwa na mtu. Ndiyo maana ipo Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo huikagua mizani. Lakini iko bidhaa moja inunuliwayo kila siku, Mtua kama ilivyo Dar es Salaam, ambayo huuzwa kwa vizio viwili vyenye majina yanayokaribiana mno, na wanunuzi wengi hawavitofautishi. Bidhaa hiyo ni data.

Kiasi cha data huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti. Kasi ya kuisafirisha hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde. Baiti moja ina biti nane. Basi anayesoma tangazo la "megabiti 8 kwa sekunde" akadhani ataletewa megabaiti 8 kila sekunde, amekosea mara nane. Na kosa la mara nane si dogo. Mfanyabiashara wa ufuta atakayekosea hivyo kwenye gunia hatadumu msimu mmoja.

Mtengano huu una historia, wala haukubuniwa kwa hila. Neno biti lilichapishwa na Claude Shannon mwaka 1948 katika makala yake juu ya nadharia ya mawasiliano, naye akaeleza kuwa alilipata kwa J. W. Tukey. Baiti ilipewa jina na Werner Buchholz wa kampuni ya IBM mwaka 1956, na hesabu ya biti nane ikaenea baada ya kompyuta za System/360 kutangazwa mwaka 1964. Mhandisi wa mawasiliano huona ishara zikifuatana katika waya, moja baada ya nyingine, naye huzihesabu moja moja. Mhandisi wa kompyuta huona herufi zilizohifadhiwa, na herufi moja ya alfabeti yetu hukaa ndani ya baiti moja. Kila mmoja alichagua kizio kilichomfaa kazini, na sisi tukarithi vyote viwili.

Ili mwanafunzi aone ukubwa wa jambo hili, na arudi nyuma kidogo. Waya wa chini ya bahari wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph uliifikia Zanzibar mwaka 1879. Tuseme karani wa simu alipeleka maneno 20 kwa dakika, kila neno likiwa na herufi 5, na tuipe kila herufi biti 5 kama alivyofanya Émile Baudot katika mtambo wake. Tutapata biti 500 kwa dakika, yaani biti 8 na kidogo kwa sekunde: karibu baiti moja. Mkongo wa SEACOM, uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, ulisanifiwa kubeba terabiti 1.28 kwa sekunde. Gawanya kwa nane; ni gigabaiti 160 kwa sekunde. Hata hapo wenye mkongo walitangaza kwa biti. Tarakimu kubwa humpendeza kila muuzaji.

Sasa tuje shuleni. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Tuchukue kitabu cha megabaiti 60, na mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde. Mwalimu aandike ubaoni vizio vyote, asiandike tarakimu tupu: megabaiti 60 mara biti 8 kwa kila baiti ni megabiti 480, megabiti 480 gawanya kwa megabiti 4 kwa sekunde ni sekunde 120. Megabaiti hufutana, megabiti hufutana, sekunde hubaki. Hesabu ni ile ile ya kugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, wala haihitaji kompyuta yoyote darasani. Kisha aulize: wanafunzi 45 wakipakua kitabu hicho kila mmoja kwa simu yake, kupitia mtandao huo huo mmoja, itakuwaje? Megabaiti 2,700, ambazo ni megabiti 21,600, zitachukua sekunde 5,400. Hiyo ni saa moja na nusu, na kila mzazi amelipia megabaiti 60. Akipakua mmoja, kisha nakala ikahamishwa kutoka simu hadi simu, ni dakika mbili na malipo ya mtu mmoja. Katika kijiji ambacho fedha huja kwa msimu wa mavuno, hesabu hiyo ina thamani.

Hesabu hiyo hiyo hutenganisha lalamiko la haki na lisilo la haki. Mteja aliyeahidiwa megabiti 4 kwa sekunde, akaona simu yake ikionyesha kilobaiti 500 kwa sekunde, hajaibiwa chochote. Lakini ikionyesha kilobaiti 50 siku nenda siku rudi, anapata sehemu moja ya kumi, naye ana hoja ya kuipeleka kwa mtoa huduma, na asiposikilizwa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Hesabu pia isikazwe mno, maana si kila biti ipitayo ni ya ujumbe. Katika teleksi ya zamani, yenye kasi ya baudi 50, kila herufi ilitumia nafasi 7.5 ingawa ujumbe ulikuwa katika 5 tu. Nyingine zilikuwa alama za kuanza na kukoma. Mtandao wa leo nao hubeba anwani na alama za ukaguzi, kwa hiyo matokeo huwa chini kidogo ya hesabu ya ubaoni.

Liko na suala la 1,000 na 1,024. Katika kasi ya mtandao, kilo ni 1,000, mega ni milioni. Katika kumbukumbu ya kompyuta wengi huhesabu 1,024, na tangu mwaka 1998 shirika la kimataifa la IEC limeweka majina ya pekee, kibi, mebi na gibi, ambayo ni wachache wanaoyatumia. Tofauti katika giga ni karibu asilimia 7. Mwanafunzi aijue, lakini asiisumbukie kabla hajaimudu ile nane.

Mimi naona mambo mawili yafanywe. Kwanza, kila tangazo la kasi liandike vizio vyote viwili, kwa maneno kamili, kwani herufi b ndogo na B kubwa hazitoshi kumlinda mnunuzi. Pili, somo hili lisingoje darasa la kompyuta, ambalo si kila shule inalo. Liingie katika hisabati ya Kidato cha Kwanza, pamoja na kilo na lita. Walimu waweza kuanza muhula huu kwa swali moja: kifurushi cha gigabaiti 1, kikitumiwa mfululizo kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kitakwisha baada ya muda gani? Jibu ni dakika 13 na sekunde 20.