Leseni ya Juu ya Redio Iwafikie Vijana wa Mwakirunge

Mtu akitaja Mwakirunge mjini Mombasa, msikilizaji hufikiria taka. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018, malori yameelekezwa kaskazini, yakipita Kisauni hadi jaa la Mwakirunge, na jina la kata nzima, pamoja na minazi yake, mihogo yake na shule zake, likamezwa na harufu ya jaa hilo. Leo twawaandikia walimu na wanafunzi wa huko, na wenzao wa Likoni na Changamwe, juu ya jambo lisilohitaji maabara ya fahari wala jina la shule kubwa: redio ya ridhaa, na hasa leseni yake ya daraja la juu.

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yafanywayo na watu binafsi kwa mitambo yao wenyewe, pasi na biashara, kwa ajili ya kujifunza na kuzungumza na walio mbali. Si utangazaji kama ule uliouachia mtaa wa VOK, hapo hapo Kisauni, jina lake. Mwenye leseni hupewa jina la mwito, na la Kenya huanza kwa 5Z4, kama lilivyoanza kwa VQ4 zama za ukoloni. Mwenye idhini ya kutoa leseni hizo nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano, na kupeperusha mawimbi bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Sheria hiyo haikutungwa kumwonea mtu. Uwanja wa ndege wa Moi uko Changamwe, bandari iko Kilindini, na rubani anapozungumza na mnara hataki sauti ya kijana wa Kisauni iingilie kati.

Ndiyo sababu nchi nyingi zimeigawa leseni hii kwa madaraja. Marekani yako matatu. Anayeanza hujibu maswali 35, na akipata 26 amepita. Anayetaka la juu kabisa, akiisha kuyapita mawili ya chini, hujibu maswali 50 na hutakiwa apate 37. Uingereza nako ni matatu, na tangu 2024 anayeanza huruhusiwa nguvu ya wati 25 ilhali mwenye leseni kamili huruhusiwa wati 1,000. Zamani ilikuwa lazima pia kuujua msimbo wa Morse ili kuyatumia masafa yafikayo mbali. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 uliziachia nchi ziamue zenyewe, na nyingi zikaliondoa sharti hilo. Wako wazee wanaonung'unika hadi leo kwamba mlango umekuwa mpana mno. Hatuwaungi mkono, ila twakubali kwamba wameona jambo moja.

Maswali ya mtihani wa Marekani hutangazwa hadharani pamoja na majibu yake. Hivyo mwepesi wa kukariri aweza kulipita daraja la kwanza bila kujua kwa nini waya mmoja wafaa na mwingine haufai. Walimu wetu wanaijua vyema elimu ya namna hiyo. Wameiona ikiingia darasani Januari na kutoka Novemba bila kuacha alama. Daraja la juu halimkatazi mtu kukariri, lakini humchosha. Hapo ndipo thamani yake ilipo, na ndiyo maana tunasema kijana asiridhike na daraja la kwanza.

Tuchukue mfano wa antena. Mwanafunzi ataka kutumia masafa ya megahezi 7.1. Agawanye 300 kwa 7.1, atapata urefu wa wimbi, mita 42 na ushei. Nusu yake ni mita 21. Lakini akikata waya wa mita 21 ataukuta mrefu, kwa kuwa ncha za waya huufanya utende kazi kana kwamba ni mrefu kuliko ulivyo. Mafundi hupunguza kama asilimia tano, zikabaki mita 20. Aukate katikati, mita 10 kila upande, autundike baina ya minazi miwili. Mchana, kwa wati chache tu, mawimbi yake yatapanda hadi tabaka la ioni, kilomita zaidi ya 200 juu ya vichwa vyetu, kisha yarudi ardhini Nairobi. Usiku masafa yaleyale hufika mbali zaidi, kwani tabaka la chini linaloyameza mawimbi mchana hufifia jua likichwa. Anayeweza kueleza kila hatua katika safari hiyo, na kuirekebisha isipokwenda sawa, ndiye anayestahili daraja la juu. Hesabu, fizikia na jiografia zimekutana katika waya mmoja.

Fauka ya hayo, setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 25.9 mashariki, na imebeba mtambo wa wanaredio wa ridhaa ujulikanao kama QO-100. Kwa mtu wa Mombasa setilaiti hiyo iko karibu na utosi, upande wa magharibi. Dishi dogo la televisheni, la aina ile inayotupwa kila siku, latosha kuisikiliza likiungwa na kipokezi kinachofaa.

Atatokea wa kuuliza: kila mtu ana simu, redio ya nini? Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwa majirani. Na tsunami ya 26 Desemba 2004 ilipovipiga visiwa vya Andaman, mwanaredio wa India, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair kwa shughuli za ridhaa tu; simu zilipokatika, mtambo wake ukageuka kuwa njia ya kupitisha habari za waliookoka. Mawimbi ya tsunami hiyo yalifika hadi pwani yetu. Bibi huyo hakujifunza kazi siku ile. Alikuwa ameisomea miaka mingi nyuma.

Kwa hivyo twaitaka Mamlaka ihakikishe kwamba mtihani wa leseni hii unafanywa hapa hapa Mombasa, kwa tarehe zinazojulikana tangu mwanzo wa mwaka, na kwa ada ambayo mzazi anayeuza nazi ataimudu. Serikali ya kaunti nayo, ambayo haijapata shida kuipelekea Mwakirunge taka, iipelekee mtambo mmoja wa redio wa kutumiwa na shule kwa zamu. Shule zisingoje mtambo huo ndipo zianze. Kusikiliza na kupiga hesabu za waya kwaweza kuanza muhula huu. Na mwalimu atakayewasimamia vijana aketi mtihanini yeye kwanza, hadi daraja la juu.