Kiwanja Kilichogawiwa Si Nyumba



Naomba nafasi katika kurasa zetu niseme neno juu ya hesabu za ardhi, zile zinazojazwa ofisini na kupelekwa juu kila robo ya mwaka. Najua wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya watu wa ardhi; sisi wa hazina, wa mahakama na wa shule yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Karibu kila mmoja wetu anapanga chumba au amepata kupanga, na kodi tunayomlipa mwenye nyumba yatokana kwa sehemu kubwa na yale yaliyoandikwa katika hesabu hizo, na zaidi na yale yasiyoandikwa.

Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa daftari katika ofisi moja ya ardhi ambayo sitaitaja. Karatasi yangu ilikuwa na safu tatu: viwanja vilivyopimwa, viwanja vilivyogawiwa, na viwanja vilivyobaki. Robo moja ya mwaka nilijaza sifuri katika safu ya tatu. Mkubwa wangu alifurahi, akatia sahihi mara moja, maana sifuri katika safu ile ni sifa. Yaonyesha kwamba kazi imekwisha na hakuna aliyelalia barua za waombaji.

Jumapili iliyofuata nilikwenda msibani katika mtaa uleule wa viwanja vipya. Baada ya maziko nilitembea barabara moja toka mwanzo hata mwisho nikihesabu, kama ilivyo desturi yetu mbaya sisi makarani, ambao hatuwezi kupita penye vitu vilivyopangwa bila kuvijumlisha. Viwanja vilikuwa kumi na vinane. Nyumba zenye watu ndani zilikuwa nne. Kimoja kilikuwa na msingi uliokwisha kuota mipapai. Vingine vilikuwa majani na mbuzi, na vitatu vilizungushiwa ukuta mzuri wa matofali wenye maandishi ya rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Jumatatu nikamweleza mkubwa wangu niliyoyaona. Akaniuliza, "Viwanja hivyo vimegawiwa au havikugawiwa?" Nikamjibu, "Vimegawiwa, mzee." Akasema, "Basi umeandika kweli." Naye alisema haki. Nilikuwa nimeandika kweli tupu, ila ilikuwa kweli isiyomfaa mtu ye yote aliyekuwa akitafuta pa kulala.

Sasa tazameni njia iliyofuata sifuri ile. Huko juu ilisomeka kwamba viwanja vimekwisha. Vikiisha, hutafutwa ardhi mpya ya kupima. Ardhi mpya haipatikani katikati ya mji, kwa kuwa huko kote kumegawiwa. Hupatikana pembeni, penye mihogo, minazi na miembe ya watu. Wenye mashamba hulipwa fidia, wakasogea mbele. Kisha viwanja vipya hugawiwa, safu ya tatu husoma sifuri tena, na mzunguko huanza upya. Dar es Salaam tumeuona mzunguko huu kwa macho. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima viwanja vingi kuliko jina lake, huko Bunju, Mbweni, Toangoma na kwingineko. Kwa upimaji ulikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini aliyepita huko miaka mingi baadaye alikuta vichaka kati ya nyumba na nyumba, ilhali waliokosa viwanja walikuwa wakijenga bondeni, penye kujaa maji ya mvua. Kanuni zetu zampa mwenye hati ya kiwanja miezi 36 ya kukiendeleza. Katika karatasi niliyokuwa nikiijaza hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba miezi hiyo imepita.

Neno lililonisumbua tangu siku ile ni hili la "kutumika". Ni nani asemaye kwamba ardhi hii yatumika na ile haitumiki? Jambo hili lina historia kwetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, iwe inakaliwa au haikaliwi, na tangu hapo kukaliwa na kutokukaliwa ni mambo yanayoamuliwa kwa kalamu. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha sheria mbili kwa pamoja, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Zote mbili zagawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Walakini mwenye kuzisoma bega kwa bega ataona jambo la ajabu. Sheria ya Vijiji yasema ardhi ya jumla ni ardhi ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, ikanyamaza. Sheria ya Ardhi yasema vivyo hivyo, kisha yaongeza maneno machache: pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Maneno hayo machache yana uzito kuliko majedwali mengi. Makadirio yanayotajwa siku zote ni kwamba ardhi ya vijiji ni asilimia 70 ya nchi, ya hifadhi asilimia 28, na ya jumla asilimia 2 tu. Ukifuata sheria moja, ile asilimia 2 ni asilimia 2. Ukifuata ya pili, yaweza kuvimba kwa kiasi cho chote atakachopenda yule mwenye kuandika neno "haitumiki". Na shamba la mkulima aliyeliacha lipumzike misimu mitatu, je, halitumiki? Sheria ya Vijiji yenyewe yakubali kwamba kupumzisha shamba ni matumizi. Malisho ya wakati wa kiangazi hayana mtu masika yote. Je, ni pori tupu? Karani apitaye kwa gari mwezi wa Machi ataandika pori.

Hapa ndipo nionapo kichekesho, kama chafaa kuitwa hivyo. Mwanakijiji aliyepumzisha shamba lake huhesabiwa kuwa haitumii ardhi. Bwana wa mjini aliyejenga ukuta miaka kumi na mitano iliyopita, akaandika kwamba hauzi, akaenda zake, huhesabiwa kuwa amegawiwa, na mbele ya jedwali hana deni.

Wenzetu wa Uingereza walianza zamani kuihesabu ardhi iliyoachwa, na kwa kuwa sheria yetu ya mipango miji ya mwaka 1956 ilifuata nyayo za kwao, yafaa tuwatazame. Si kusafiria nyota ya mwenzetu, bali kujua alikwama wapi. Walihesabu ardhi iliyoharibika mwaka 1974, tena 1982, tena 1988, tena 1993. Maana waliyoiweka ilikuwa kwamba ardhi hiyo iwe imeharibiwa na viwanda au ujenzi mwingine hata haiwezi kutumika kwa faida bila kutengenezwa. Kwa hiyo shimo la machimbo ya zamani na jalala la makaa viliingia. Lakini uwanja mtupu wa mjini usio na ubovu wo wote, ambao mwenyewe anangoja tu bei ipande, haukuingia, kwa kuwa haukuharibika. Baadaye wakafungua daftari pana zaidi la ardhi iliyokwisha kujengwa na yaweza kujengwa tena. Humo pia kalamu ilicheza: mwaka 2010 bustani za nyumba ziliondolewa katika maana hiyo, na ardhi iliyokuwa ndani ya jamii moja ya hesabu ikatoka, wala hapakuwa na ua lililong'olewa.

Moja walilolifanya nalipenda. Tangu mwaka 2017 kila halmashauri ya mipango huko England imetakiwa iweke wazi daftari la viwanja vya namna hiyo vinavyofaa nyumba, kiwanja kwa kiwanja, na kulitazama upya kila mwaka. Mwananchi aweza kulifungua akaona uwanja ulio nyuma ya kanisa lake umeandikwa au umesahauliwa. Sisemi kwamba nyumba zimekuwa rahisi kwao kwa sababu hiyo, hazikuwa. Nasema karani wao ana mtu wa kumsahihisha.

Nirudi kwetu, kwenye tarakimu ambayo kila mtu anaijua. Kwa zaidi ya miaka kumi tumesikia kwamba upungufu wa nyumba nchini ni nyumba 3,000,000, na kwamba mahitaji mapya ni nyumba 200,000 kila mwaka. Nawaomba wenzangu wa hazina wachukue kalamu. Kama kila mwaka zahitajika 200,000, kwa miaka kumi ni 2,000,000. Kama hakuna iliyojengwa, upungufu sasa ungekuwa milioni tano. Kama umebaki milioni tatu ileile, basi milioni mbili zimejengwa barabara, bila kuzidi wala kupungua hata moja. Ni nani aliyezijenga? Si shirika wala kampuni yo yote, maana nyumba zao twaweza kuzihesabu. Ama tarakimu ile inakaririwa tu kama salamu, ama kuna wajenzi wakubwa kuliko wote ambao hawamo katika jedwali.

Naamini yote mawili ni kweli. Wajenzi hao ni sisi wenyewe na jirani zetu: mtu anunuaye mifuko mitano ya saruji mwezi huu, na nondo mwezi wa tatu, akahamia kabla ya kuweka madirisha. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa hivyo, nasi huiita makazi holela na kuiweka katika safu ya matatizo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu majengo ya nchi nzima kwa mara ya kwanza, ikapata 14,348,372. Sasa pana msingi wa kuanzia. Ile milioni tatu irudishwe mezani, ilinganishwe na majengo yaliyohesabiwa, na tuambiwe ndani yake zimo nyumba mbovu ngapi, vyumba vilivyosongana vingapi, na familia zisizo na paa kabisa ngapi. Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na kila moja lina dawa yake.

Na neno "nafuu" nalo lipimwe. Bunge liliposamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa nyumba za kuuzwa zisizozidi shilingi 50,000,000, watu walifurahi, na msamaha wa asilimia 18 si kitu cha kudharau. Lakini kima cha chini cha mshahara wa serikali, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Tarishi wetu akiweka mshahara wote, asile, asivae, asisomeshe mtoto, atafikia nyumba hiyo ya nafuu kwa miezi mia moja, yaani miaka minane na miezi minne. Uingereza nako, mwaka 2011 waliita "nafuu" pango linaloweza kufika asilimia 80 ya pango la soko. Basi soko likipanda, nafuu hupanda nalo. Kipimo cha unafuu chapaswa kutoka katika mfuko wa mpangaji. Tukikitoa sokoni tumeandika bei tu na kuipa jina la huruma.

Wako watakaonijibu kwamba kutoza au kunyang'anya viwanja vilivyolala kutawaumiza wanyonge, kwa kuwa wengi walioacha msingi uote mipapai si matajiri. Ni walimu na wauguzi waliokwama. Jawabu hilo lina nguvu, nami mwenyewe nina msingi wa namna hiyo huko kwetu. Ndiyo maana siombi kunyang'anya. Naomba kwanza tuone. Aliyekwama kwa kukosa saruji na aliyejaza viwanja kumi kwa majina ya watoto wake wako leo katika safu moja, nasi hatuwezi kuwatenganisha kwa sababu hatuwaulizi.

Nakumbuka kwamba chama cha kwanza cha makarani wa Kiafrika nchini kiliundwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa rais wake, miaka mingi kabla ya vyama vya siasa tuvijuavyo. Wale wazee hawakuwa na mamlaka ya kuamua jambo kubwa lo lote. Walikuwa na kalamu, na ufahamu wa yale yaliyokuwa ndani ya mafaili. Nasi tuna kalamu ileile, na mafaili mengi zaidi.

Basi naleta shauri kwa chama. Karatasi ya viwanja iwe na safu tano badala ya tatu: vilivyopimwa, vilivyogawiwa, vilivyoanza kujengwa, vinavyokaliwa, na mwaka ambao karani alifika mwenyewe kutazama. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayopingwa zaidi, kwa sababu yahitaji nauli. Kwa upande wa vijiji, mahali po pote panapoandikwa "haitumiki" paandikwe pia ni nani aliyeulizwa, na mwezi gani. Na nakala ibandikwe ubaoni nje ya ofisi ya kata, mahali ambapo mama muuza maandazi aweza kusimama akasema, "Hapa mmekosea, kiwanja hicho kina mpangaji."

Nimechora mfano wa karatasi hiyo nikamkabidhi katibu, naye ameahidi kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Mwenye kuona kasoro katika safu zangu na aniandikie kabla ya siku hiyo, hasa ndugu zetu wa wilayani wanaokwenda kutazama viwanja kwa baiskeli, kwa kuwa wao wajua kiasi cha kazi ninachowaongezea.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Daftari