Motokaa Nyeusi ya Mkwe Wangu



Juma hili nataka tuzungumze juu ya motokaa. Najua wengine mtasema, "Babu, sisi tuna baiskeli tu, na mwenye bahati ana pikipiki. Mambo ya motokaa yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Siku hizi kila kijiji kina watoto wake mjini, na mtoto wa mjini akipata motokaa hana raha mpaka ameileta nyumbani ionekane. Ikiisha fika itakuwa mikononi mwenu. Mimi yamenikuta, ndiyo sababu naandika.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ni karani Mwanza. Aliweka akiba miaka mingi, akanunua motokaa iliyokwisha tumika huko Ujapani. Ni nyeusi ti, na ilipokuwa mpya kwake ulikuwa ukiweza kujitazama ubavuni mwake ukachana nywele. Mwezi wa Juni mwaka 2023 walikuja kwetu kwa ajili ya mjukuu mmoja aliyekuwa akipokea Komunyo ya kwanza. Toka barabara ya lami mpaka kwangu ni njia ya udongo mtupu, na Juni kwetu ni kiangazi. Motokaa ilitoka Mwanza nyeusi, ikafika kwangu nyekundu kama tofali.

Usiku sikulala vizuri. Nilifikiri, mkwe ametuheshimu, nasi yafaa tumheshimu. Aendeje kanisani na motokaa ya vumbi? Basi alfajiri, watu wote wangali wamelala, nikachukua kipande cha blanketi kuukuu, kikavu, nikaanza kazi. Nikasugua boneti, nikasugua milango, nikasugua nyuma, nikizungusha mkono kwa nguvu kama nisuguavyo baiskeli yangu. Jasho likanitoka. Mkwe akatoka nje, akasimama mlangoni, akatazama. Kisha akasema, "Asante sana, baba. Umejisumbua bure."

Nanyi mwajua desturi zetu. Mkwe hawezi kumkemea baba mkwe. Hata kama ningaliiangushia mti angalisema asante. Mimi nikafurahi, nikaenda kunawa.

Jua lilipopanda juu ya kilima nikaona mwenyewe. Boneti nzima ilikuwa imejaa mistari myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui, na kila niliposogea nayo ilisogea kulifuata jua. Nikamwita binti yangu. Akanong'ona, "Baba, vumbi halipanguswi likiwa kavu." Nikatamani ardhi ifunguke.

Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi na watu waliosoma, nami nimeelewa kosa langu. Vumbi si unga. Ndani yake mna chembe ndogo za mchanga, na nyingi ni za lile jiwe gumu liitwalo kwatzi, ambalo hukwaruza hata kioo. Na rangi ya motokaa za siku hizi, juu yake kabisa ina utando usio na rangi, ndio uletao mng'ao, na unene wake hauzidi unywele wa mtu. Ukipangusa vumbi kavu, umeshika mchanga kwa kitambaa na kuuburuta juu ya utando huo. Hata mtoto akiandika jina lake kwa kidole katika vumbi, jina litabaki baada ya vumbi kuoshwa. La mjukuu wangu wa mwisho lipo mpaka leo mlangoni, na herufi moja imegeuka nyuma.

Lakini kwa nini nyeusi ionewe kuliko nyingine? Rangi nyeupe hurudisha mwanga pande zote, na mkwaruzo hujificha ndani ya weupe huo. Nyeusi humeza mwanga, hivi kwamba kila kovu dogo linalorudisha mwanga kidogo huonekana peke yake, kama nyota usiku. Vumbi nalo ni hivyo hivyo. Mwulizeni mama yeyote aliyepeta unga amevaa sketi nyeusi. Tena nyeusi hunywa jua. Saa sita mchana huwezi kuweka kiganja juu ya boneti. Tone la maji likidondoka hapo hukauka upesi na kuacha duara la chokaa, na kinyesi cha ndege huokwa na jua mpaka kikaila rangi.

Weusi lakini si mambo mapya kwa motokaa. Henry Ford wa Marekani, toka mwaka 1914 hata 1925, aliiuza Model T yake kwa rangi moja tu, nyeusi. Ilikuwa rahisi, ilidumu, na kiwanda hakikupoteza wakati kwa kubadilisha rangi. Wanunuzi hawakuwa na la kuchagua. Mkwe wangu alikuwa nalo, akachagua nyeusi kwa mapenzi yake, na mke wangu hajaacha kulitaja jambo hilo.

Basi, ikija kwenu, fanyeni hivi. Iwekeni kivulini, asubuhi au jioni, ipoe kwanza. Imwagieni maji mengi pasipo kuigusa, mchanga ujiondokee wenyewe. Kisha chukueni kitambaa laini cha pamba, na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha katika sabuni. Anzeni juu, mteremke, kwa maana mchanga mwingi u chini karibu na magurudumu. Vuteni kitambaa kwa mstari, msizungushe. Kikianguka chini, kiacheni, twaeni kingine. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno kwa rangi. Na wale wanaopaka dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae, hung'aa siku moja, kisha vumbi lote la kijiji hunata pale pale. Kinyesi cha ndege kilazeni chini ya kitambaa kibichi mpaka kilainike. Mwisho kausheni kwa taulo safi.

Hayo ni mepesi kuandika. Maji yatoka wapi?

Kuiosha motokaa namna hiyo kwa ndoo, kwetu zilikwenda ndoo tano za lita 20. Hizo ni lita 100. Chemchemi yetu iko bondeni, na maji hupanda kilima juu ya vichwa vya wanawake. Ndoo ya tatu mke wangu aliitua, akajifunga kanga upya, akasema, "Motokaa hii yanywa kuliko ng'ombe wawili. Nao ng'ombe hutoa maziwa." Nikaona haya. Hapo ndipo nilipolisema neno ambalo ningalipenda kulirudisha kinywani. Nikamwambia mjukuu wangu mkubwa, kijana wa miaka 15 anayekaa kwangu, "Enda nayo ziwani pamoja na mjomba wako. Kule maji hayabebwi."

Wakaenda. Wakaingiza magurudumu majini, kijana akasimama maji yakimfika magotini, akaiosha ikatakata. Mkwe akampa shilingi elfu tano. Kijana aliyepata elfu tano kwa saa moja utamwambia nini? Wageni walipoondoka, yeye aliendelea. Likizo ile yote alishinda ziwani na wenzake, wakiosha motokaa na pikipiki za wapitao, wakisimama majini toka asubuhi mpaka jua la utosi. Nami nilimsifu kwa bidii yake. Alinunua daftari zake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti akaanza kulalamika tumbo. Akachoka, akawa hataki kula, kisha tukaona damu katika choo chake. Bibi yake alimchemshia majani. Hayakufaa. Tukampeleka zahanati, wakapima choo, wakatuambia ni kichocho, kile cha matumbo.

Wengi tunakijua kichocho cha kukojoa damu. Hiki ni ndugu yake, nacho ndicho kilicho kingi kando ya ziwa letu. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai ya mdudu huingia majini, huanguliwa, huingia katika konokono wadogo wa majini na kuzaana humo. Kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, na kutafuta ngozi ya mtu. Hawahitaji kidonda. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, nawe huoni ila labda mwasho kidogo. Baada ya majuma kadhaa wamekomaa ndani ya mishipa ya damu ya tumbo, wanataga. Ukiwaacha miaka mingi ini huharibika, tumbo hujaa maji, na mtu aweza kutapika damu akafa.

Mganga alitueleza habari za Kisumu, huko Kenya, kando ya ziwa hili hili. Tangu miaka ya 1990 watafiti waliwafuata vijana wa huko ambao kazi yao ni kuosha motokaa wakiwa wamesimama majini. Waliwapa dawa, wakapona, wakarudi kazini, wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena. Riziki yao i majini, na ugonjwa u majini.

Kijana wetu alipewa vidonge vya praziquantel kwa kadiri ya uzito wake, baada ya kula. Vilimtia kizunguzungu siku ile, kisha akapata nguvu. Sasa yu mzima. Mimi nilimwendea padre na jambo hili, akaniambia kutojua si dhambi. Hata hivyo sikulala vema mpaka choo kilipopimwa mara ya pili kikaonekana safi.

Na jambo jingine sikulijua: sheria ya mazingira ya nchi yetu, ya mwaka 2004, yakataza shughuli zinazoweza kuharibu ziwa au mto ndani ya mita 60 toka ukingoni. Oili na sabuni tunazomwaga pale hurudi katika ndoo za wale wanaochota chini yetu.

Mkwe alikuja tena Krismasi. Nilimweleza yote, na habari ya blanketi nikaitubu pia, maana nilikuwa sijaitaja tangu siku ile. Alinyamaza kitambo. Keshoye akaenda sokoni, akarudi na mapipa mawili na mabati ya kufanyia mifereji, tukayafunga chini ya paa. Maji ya mvua hayana konokono. Na ambaye hana paa la bati, akichota ziwani, ayaache maji katika chombo siku mbili kamili; wadudu wale hawaishi zaidi ya hapo. Tena ayachotapo avae viatu vya mpira virefu.

Sasa motokaa yaoshwa nyuma ya nyumba, juu ya majani, naye mwenyewe ndiye aoshaye, amekunja suruali. Fundi wa Mwanza alimwambia mikwaruzo yangu yaweza kusuguliwa kwa dawa ikaondoka, lakini kila kusugua hupunguza ule utando. Ameiacha. Siku nyingine husahau heshima kidogo, akanionyesha boneti na kucheka.

Mama aliyeniandikia juu ya kuku wanaokula mayai yao, nimeipata barua yako. Nitakujibu juma lijalo.