Cherehani Kuukuu Si Chuma Chakavu

Ndugu askari, kila aliyepata kukabidhiwa bunduki anajua kwamba silaha haiharibiwi na vita peke yake. Huharibiwa zaidi na kutu, vumbi na uvivu wa mwenye kuitunza. Leo tunapenda kuzungumza juu ya chombo kingine cha chuma chenye tabia hiyo hiyo, nacho ni cherehani ya zamani. Huenda baadhi ya wasomaji wakacheka na kuuliza polisi ana shughuli gani na cherehani. Tunawaomba wasome kwanza.

Endiinzi ni mji mdogo ulio jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwapokea watu waliotoka Rwanda, kisha yakawapokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, na kwa mtu aliyevuka mpaka bila kitu, ushonaji ni kazi inayoanza na chombo kimoja tu. Chombo hicho hakihitaji umeme. Kichwa chake hufunguliwa kutoka mezani, kikafungwa kwa kanga na kubebwa kichwani. Ndiyo maana cherehani nyeusi za Singer zingali zinafanya kazi, ijapokuwa kiwanda cha Clydebank huko Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kutoa mamilioni ya cherehani hizo, kilifungwa mwaka 1980.

Cherehani iliyokaa miaka kumi bila kazi mara nyingi haijafa. Imegandwa na mafuta yaliyokauka, hasa pale mwenyewe alipotia mafuta ya kupikia kwa kukosa mafuta yake halisi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Anayelazimisha gurudumu kwa nguvu ndiye anayeiua. Yafaa mafuta ya taa yadondoshwe katika kila tundu na kila kiungo, yaachwe usiku kucha, kisha gurudumu litikiswe polepole, mbele na nyuma, hadi lilegee. Hapo mafuta ya taa yafutwe na mafuta ya cherehani yatiwe, kwa kuwa ya taa husafisha lakini hayalainishi. Chini ya kibati cha sindano yamo meno yanayosukuma kitambaa, na humo vumbi la pamba hushikana kama blanketi. Litolewe kwa brashi na ncha ya sindano. Nakshi za dhahabu zisiguswe kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha vanishi inayozilinda. Kitambaa laini chenye mafuta kidogo chatosha. Msasa, kama hapana budi, uishie kwenye vibati vyenye kutu.

Na skrubu! Singer walizichonga kwa vipimo vyao wenyewe, hata ikipotea moja hutaipata katika duka la vyuma. Kila skrubu na iwekwe kikoponi, na bisibisi ijae sawasawa katika ufa wake. Askari aliyewahi kufungua bunduki gizani hahitaji kuelezwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba cherehani mpya za Kichina zimejaa madukani Mbarara, kwa hiyo za kale ziuzwe kwa kilo. Hatukubaliani nao. Nyingi za hizo mpya zimefuata umbo la Singer ya zamani, na sindano zake huingia humo bila shida. Kwa hiyo chakula cha cherehani kuukuu kingali sokoni. Tunakiri kwamba zile za kale zaidi, zenye bobini nyembamba kama kijiti, zinamsumbua fundi kupata vipuri. Hata hivyo hazistahili nyundo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tumeona kwa macho yetu, katika kituo ambacho hatutakitaja, cherehani mbili zilizokamatwa kama vielelezo vya kesi ya wizi zimewekwa chini ya mti, zikinyeshewa msimu mzima. Mwenye moja alikuwa mama mkimbizi. Alikuja mara kwa mara kuitazama, akajibiwa kwamba kesi haijakwisha. Ilipokwisha alikabidhiwa kutu yenye gurudumu. Mwizi alimnyima riziki siku chache. Uzembe wetu ulimnyima mwaka mzima. Hatudhani kwamba afande yeyote alimtakia mabaya. Waliona chuma, wakakiweka panapowekwa chuma.

Lakini cherehani ina namba yake, iliyopigwa kwenye kitako upande wa kulia, kama bunduki ilivyo na yake. Namba hiyo ikiandikwa katika daftari la vielelezo, na picha ikapigwa, ombi laweza kupelekwa mahakamani ili mwenye mali arudishiwe chombo chake wakati kesi ikiendelea.

Kuna la kujihadhari pia. Mwaka 2009 ulizuka uvumi Saudi Arabia kwamba ndani ya Singer za kale mna zebaki nyekundu, na kwamba simu ya mkononi ikikatika karibu na sindano, basi imo. Bei zilipanda hadi maelfu ya riyali, maduka ya mafundi yakavunjwa, na polisi wakalazimika kuchunguza chanzo cha uzushi huo. Hapakuwa na zebaki yoyote. Askari atakayemkuta mtu usiku ana vichwa vitatu vya cherehani vilivyopasuliwa na aulize maswali, asije akauziwa hadithi hiyo hiyo.

Tunawaomba watunza vielelezo wa vituo vyote vya Isingiro na Mbarara wazunguke nyuma ya ofisi zao juma hili, wahesabu cherehani zilizoko nje, na kuziingiza ndani kabla ya mvua za Machi. Pasipo na stoo, turubai moja na chupa ndogo ya mafuta vyatosha kwa kuanzia.